Wauzaji wa samaki wa mapambo, acheni kuwauza koridorasi kama ufagio wa tangi

Ndugu zangu wafugaji, nalalamikia uongo unaorudiwa madukani kila uchao: kwamba kambare mdogo aitwaye koridorasi ni msafishaji wa tangi, kwamba hula kinyesi cha wenzake, na kwamba akiwekwa mmoja tu hahitaji kulishwa. Uongo huu unaua.

Koridorasi hali kinyesi. Katika mito ya Amerika Kusini anakotoka, ikiwemo Amazon na Orinoco, huchimbua mchanga kwa mdomo akitafuta minyoo na mabuu ya wadudu, kisha mchanga huo huutoa kupitia matamvua. Akiachiwa makombo tu yaliyowaponyoka samaki wanaoogelea juu yake, hukonda taratibu hadi kufa, huku mwenye tangi akiamini kuwa ameshiba kwa sababu muuzaji ndiye aliyemwambia hivyo. Anahitaji vidonge vya chakula vinavyozama, na ni vyema vitiwe baada ya taa kuzimwa, wenzake wenye pupa wakiwa wametulia.

Kinachonikera zaidi ni kokoto. Duka liliponiuzia samaki hawa lilinifungashia pia kokoto za rangi zenye ncha kali, likijua fika zinakwenda kwenye tangi la nani. Koridorasi hupapasa na kuonja kwa sharubu zake. Sharubu hizo zikikwaruzwa kila siku juu ya kokoto chafu, bakteria huingia na sharubu hulika hadi vikabaki vishina, na samaki asiweze tena kutafuta chakula ipasavyo. Mchanga laini uliooshwa vizuri ungetosha, lakini hakuna aliyeutaja.

Tena wanauzwa mmoja mmoja, ilhali ni samaki wa kundi, na sita wa spishi moja ndio kiwango cha chini kinachofaa. Katika duka hilohilo nilimkuta mmoja, mapezi yametafunwa, akiishi na sikilidi wa Ziwa Malawi, samaki wakali wanaotaka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 8 hivi, wakati yeye hustawi katika maji laini zaidi yenye joto la nyuzi 22 hadi 26. Nilipohoji, nikajibiwa kwamba atazoea. Azoee kutafunwa?

Ninachodai ni hiki: kila tangi la koridorasi dukani libandikwe maelezo ya chakula chake, idadi inayofaa na aina ya mchanga, na muuzaji asiyeweza kumweleza mnunuzi mambo hayo asiruhusiwe na mwenye duka kumuuza samaki huyu.