Mjadala: Wenye maduka Tanga tuuze bidhaa zenye alama ya mazingira iliyohakikiwa, au ni anasa ya wenye nazo?

Mleta mada (mwenye duka, Ngamiani):
Wakuu, salaam. Nina duka la vyakula, si kubwa: friza moja, rafu tano, na mizani ambayo mtaa mzima unajua haidanganyi. Wiki iliyopita dalali aliniletea tasi wanaong'aa, bei ya kirafiki. Jioni mke wangu akampasua mmoja wa kitoweo chetu. Nyama imelegea, uti wa mgongo umekatika, damu imevilia kando ya mfupa. Mtu wa pwani haelezwi hapo. Wamevuliwa kwa baruti. Na wenzake kilo kumi na moja nilikuwa nimeshawauza kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja kwa shangazi yangu.

Ndiyo maana naandika. Mteja wangu hawezi kujua samaki alivuliwaje, wala kama msitu ulifyekwa ili chai ipandwe. Mimi niliyesimama kaunta nami sijui. Basi bidhaa iliyokaguliwa na mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, ipewe rafu ya mbele. Nasema alama zenye wakaguzi: FSC ya mbao na karatasi, iliyoanza 1993, MSC ya samaki wa baharini, ya 1997, chura wa Rainforest Alliance kwenye chai na kahawa. Sisemi yale maneno “asilia” na jani la kijani, maana hayo steshenari yoyote mjini itakuchapia kabla ya adhuhuri.

Mchangiaji (muuza viungo, Muheza):
Kaka, maneno matamu, ila nani analipa? Mkaguzi haji kwa baiskeli. Ana nauli, ana chumba cha kulala, ana ada, na anarudi tena mwakani. Mimi nina miche ya iliki na mipilipili manga michache kule milimani, sijawahi kunyunyiza dawa maana hata hela ya dawa sina! Nikikosa alama unaniweka rafu ya nyuma, halafu mwenye shamba la ekari mia anakaa mbele kwa sababu ada kwake ni chenji. Hapo umehifadhi mazingira au umewahifadhi wakubwa?

Mchangiaji (mvuvi, Sahare):
Kijana wangu, pole kwa tasi. Baruti imepigwa marufuku tangu 1970 na bado nimesikia mlio wake utu uzima wangu wote. Siku hizi doria zimeipunguza sana, Alhamdulillahi, lakini haijaisha, kama ulivyoona. Wasiojua waelewe: mshindo unapasua kibofu cha hewa ndani ya samaki, wengine wanazama hata hawaokotwi, na tumbawe linabaki kifusi. Mwamba huo hauzai tena mpaka mjukuu wangu aoe.

Sasa nijibu. Hiyo MSC unayoitaja, ipo kwenye tasi wa Tanga? Kwenye pweza wetu? Haipo. Maana yake ukifuata alama tu, rafu zako utajaza samaki wa kopo kutoka nchi za mbali, na mimi ninayetega dema, mtego wa kusuka, usiku kucha nikale wapi? Tena pweza sheria imeshasema wazi, chini ya nusu kilo asivuliwe wala asiuzwe. Hilo halitaki alama ya mzungu, linataka mizani yako isiyodanganya. Anza nayo.

Mchangiaji (fundi seremala, Chumbageni):
Nawajibu wote wawili kwa mfano mmoja. Kilwa, wanavijiji wenye misitu ya mpingo walipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kuingia kama kundi. Kijiji kimoja peke yake kisingeweza ile gharama. Kwa hiyo mnyonge anaingia, ila haingii mwenyewe mwenyewe.

Na kwako mama wa iliki, ipo Kilimohai, alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki, kiwango chake kilianza 2007. Si lazima mkaguzi wa kuja kwa ndege. Upo uhakiki shirikishi: wakulima wa kundi moja wanatembeleana mashambani, wanakaguana na kuandika kumbukumbu, na anayekiuka anatolewa.

Mchangiaji (muuza viungo, Muheza):
Kukaguliwa na jirani! Jirani yangu ninayegombana naye mpaka wa shamba? Huyo hatanisamehe hata jani lililokauka. Haya, labda ndiyo ukaguzi mkali kuliko wote. Nitauliza kwenye ushirika wetu.

Mchangiaji (Makorora):
Mnaongea kama vile watu wote wana mshahara. Huku kwetu mafuta tunanunua ya kupima, sukari robo. Kifurushi chenye chura kikizidi mia mbili tu, mtu anaruka duka la pili.

Mchangiaji (Raskazone):
Alama nazo zinaghushiwa. Mmesahau mifuko? Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, ikaja mifuko mbadala. Kiwango kikataka gramu 70 kwa mita ya mraba. Sokoni ikajaa myembamba kama ganda la kitunguu, na maandishi mazuri juu yake. Wenye maduka hao hao ndio waliokuwa wanaigawa.

Mleta mada:
Ndugu wa Raskazone, hapo umenigusa, nami niligawa ile mifuko. Ila ndiyo tofauti ninayoisema. Mfuko ule hukuwa na pa kuuhakiki. Kwenye FSC kuna namba, FSC-C ikifuatiwa na tarakimu sita. Unaiingiza kwenye tovuti yao inakutolea jina la mwenye cheti. Nimejaribu kwenye pakiti ya madaftari, dakika moja. Namba haipo, bidhaa sishiki. Na muuza rejareja, kitu akikiuza kimefungwa vile vile kilivyotoka kiwandani, hahitaji cheti chake mwenyewe. Ukikifungua ukapakia upya chini ya alama ile, hapo na wewe unakaguliwa.

Wa Makorora, sukari robo itaendelea kuwepo, sijasema nifunge duka. Nitaanza na chai, madaftari na samaki wa kopo, ambako bei naona zinakaribiana.

Mzee wa Sahare, hoja yako ndiyo nzito na nakubali nimeshindwa nusu yake. Samaki wetu hana alama, na nikingoja aipate, dalali yule yule ataendelea kuniletea. Basi nitafanya hivi: sinunui bila kujua chombo, mvuvi na zana. Nitaandika ukutani: tasi wa dema, wa Sahare, leo. Si cheti, ni daftari langu tu, ila mtu akilalamika najua nirudi kwa nani. Na pweza wa chini ya nusu kilo nimemkataa kuanzia leo. Wenzetu Kisiwa Panza, kule Pemba, wanafunga mwamba wa pweza miezi kadhaa ndipo waufungue, wanavua wakubwa. Mngelifanya hapa, ningeliandika nalo ukutani.

Mchangiaji (mvuvi, Sahare):
Ukutani si neno. Kwenye kilo unaongeza ngapi?

Mleta mada:
Mia tano juu ya bei ya dalali.

Mchangiaji (mvuvi, Sahare):
Elfu. Dema halisukwi kwa dua.

Mleta mada:
Mia saba, Mzee wangu, na wa kwanza anapasuliwa na mke wangu mbele yako.

Mchangiaji (mvuvi, Sahare):
Mia nane, na kisu nakuja nacho mimi. Baada ya alfajiri, maji yakitoka.