Mjadala: Je, mpigaji wa blugrasi lazima awe mtoto wa milimani?

Mleta mada

Wakuu, kuna mvutano ambao hauishi kila wapenzi wa blugrasi, ule muziki wa Marekani wa banjo, fidla na gitaa, wanapokutana. Upande mmoja unashikilia kwamba bendi ya kweli ya muziki huu lazima iwe na watu waliokulia kwenye milima ya kusini-mashariki mwa Marekani, waliorithi fidla na banjo kutoka kwa baba na wajomba. Wengine wote, hasa waliosomea muziki au waliotokea kwenye jazi na roki, wanahesabiwa kuwa ni wageni tu. Mimi hilo silikubali, na hoja yangu naianzia kwenye bendi ileile wanayoiapia: Blue Grass Boys ya Bill Monroe, iliyoupa muziki huu jina.

Kikosi kinachotajwa kama msingi ni cha kuanzia mwisho wa 1945 hadi 1948. Walikuwa watano. Haya, tuwaulize mmoja mmoja kwao ni wapi.

Monroe alizaliwa 1911 karibu na Rosine, magharibi mwa Kentucky. Hapo pana vilima na machimbo ya makaa ya mawe, lakini milima ya Appalachia iko mbali, upande wa mashariki. Alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane, macho yake mabovu. Kaka zake walishachukua fidla na gitaa, yeye akabakiziwa mandolini, chombo kidogo cha nyuzi. Wazazi walipofariki alikaa na mjomba wake, Pen Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za vijijini. Mwalimu wake mwingine alikuwa Arnold Shultz, mtu mweusi, mpiga gitaa na fidla, ambaye kijana Monroe alimsindikiza kwenye dansi. Monroe mwenyewe alikiri kwamba bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, aliipata kwa Shultz.

Earl Scruggs, mwenye banjo, alikuwa kijana wa Carolina Kaskazini aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi mjini Shelby. Lester Flatt, mwimbaji na mpiga gitaa, naye alipitia viwanda vya nguo, na huyu Mtennessee ndiye pekee ninayeweza kumwita mtu wa nyanda za juu. Chubby Wise wa fidla alitoka Florida, tambarare tupu, na aliwahi kuendesha teksi Jacksonville. Howard Watts wa besi alikuwa wa Florida pia. Kabla kikosi hicho hakijatulia, Monroe alikuwa na mwanamke kwenye kodiani, Sally Ann Forrester. Kodiani! Leo ukipanda nayo jukwaani watakwambia umeharibu blugrasi.

Kwa hiyo nauliza: huyo mtoto wa milimani ni yupi?

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, umeipiga ngumi hoja dhaifu ukaiacha yenye nguvu. Habari ya milima tuiweke kando. Suala ni namna mtu alivyojifunza. Hao watano wote, wa tambarare na wa vilimani, muziki waliuokota kwa sikio, kwenye dansi na mbele ya watu waliochoka na kazi. Huo ndio ukoo wao.

Mimi napiga fidla kwenye taarab, zaidi ya miaka ishirini sasa. Wanakuja vijana wenye karatasi za noti za muziki mkononi, vidole safi kuliko vyangu. Arusini mama mmoja anainuka kutoka nyuma, khanga begani, noti ya elfu kumi kaikunja kidoleni, anakuja kutuza taratibu huku akicheza. Mwimbaji anaurudia ule ubeti. Mimi naurudia naye mpaka mama afike na arudi kitini. Kijana kashavuka kwenda kiitikio kwa sababu karatasi imemwambia hivyo. Hakukosea noti hata moja, lakini wimbo kaukata.

Ninachokihofia kwenye blugrasi ni hicho. Sina shida na mtu wa mjini, shida yangu ni mtu ambaye hajawahi kumpigia anayecheza.

Mchangiaji, Nairobi

Nashukuru kwa mfano wa Tanga, umenigusa. Lakini tusimsahau Monroe aliyezeeka kidogo. Mwaka 1963 alimchukua Bill Keith kwenye banjo: kijana wa Boston, amehitimu chuo kikuu. Baadaye akamchukua Richard Greene kutoka Los Angeles, aliyeanza na violini ya kiklasiki. Mwenye muziki mwenyewe aliwafungulia mlango. Sisi ni nani tuufunge?

Na Keith hakuja kuiga. Ukisikiliza Scruggs ni hivi: gumba, shahada, kidole cha kati, vyote vimevaa kucha za kupigia, noti nane zimemwagika kabla hujameza mate, na ule uzi mfupi wa tano unaoanzia katikati ya shingo ya banjo unalia sauti yake ya juu kila gumba likiupitia. Melodi imefichwa humo ndani, inachungulia. Keith alitafuta njia ya kuipiga melodi ya fidla noti kwa noti, mfululizo, bila kuruka hata moja. Vidole vilevile vitatu, lakini mtiririko mwingine kabisa. Leo wapiga banjo wanajifunza njia zote mbili.

Tena tazameni upande wa pili. Kenny Baker, mpiga fidla wa Monroe, alitokea mashariki mwa Kentucky, kwenye milima yenyewe, alichimba makaa ya mawe. Kama asili ni cheti, hakuna aliyekuwa nacho kumzidi. Lakini sikio lake alilitega kwa Stéphane Grappelli, mpiga fidla wa jazi wa Ufaransa. Nikisikiliza upinde wake ulivyo laini namsikia huyo Mfaransa, na Baker ndiye aliyedumu na Monroe kuliko wapiga fidla wengine.

Mchangiaji, Minnesota

Kaka zangu, naomba niingie kwa uchungu kidogo. Mnajadili asili, na Shultz ametajwa kwa sentensi mbili tatu akapitwa. Alifariki 1931. Hakuna hata rekodi moja ya sauti yake. Kila tunachojua kuhusu upigaji wake kiko kwenye vidole vya wazungu aliowafundisha na midomo ya waliomkumbuka. Mtu anayesema blugrasi ni mali ya damu fulani, anamzika mara ya pili.

Na banjo je? Ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliofanywa watumwa, wakitumia kibuyu, ngozi na ule uzi mfupi wa gumba, kwa kumbukumbu ya vyombo vya Afrika Magharibi. Wazungu wa Marekani waliianza kwa wingi karne ya 19 tu. Kama ni kudai urithi, foleni inaanzia mbali sana na Kentucky.

Ila mfano ninaotaka mzee wa Tanga aupime ni wa Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi wa Marekani. Alisomea opera chuoni Oberlin. Noti anazijua kupita kiasi. Mwaka 2005 alikwenda kwenye mkutano wa wapiga banjo weusi mjini Boone, Carolina Kaskazini, na baada ya hapo yeye na wenzake wakawa wanakwenda nyumbani kwa Joe Thompson, mzee mweusi wa fidla aliyekuwa keshapita miaka themanini, wanakaa naye na kupiga naye. Kwenye fidla na banjo hizo za zamani, ambazo blugrasi ilichipuka kutoka kwazo, ndipo walipoundia bendi yao. Sasa huyu tumweke wapi? Wa shule au wa barazani?

Mleta mada

Dada wa Minnesota, nimekubali kosa la kumpita Shultz haraka. Tena sasa naona jina lake ndilo lilipaswa kutangulia.

Mzee wa Tanga, habari ya mama wa kutuza nimeisoma mara tatu. Nakubali kwamba lipo jambo ambalo karatasi haifundishi. Ninachokataa ni kulifanya jambo hilo lisiweze kupatikana na aliyechelewa. Mchukue Alison Krauss, mwimbaji na mpiga fidla wa blugrasi: mtoto wa Illinois, alianza na violini ya kiklasiki akiwa na miaka mitano, halafu akakulia kwenye mashindano ya fidla. Bendi yake, Union Station, kwa miaka mingi ilikuwa na Dan Tyminski wa Vermont, Ron Block wa California, Jerry Douglas wa Ohio na Barry Bales wa Tennessee. Mtu mmoja tu wa "kwao". Wasikilize wanavyomwachia mwimbaji nafasi, jinsi Douglas anavyonyamaza mstari mzima kisha anajibu kwa noti tatu. Huko ndiko kungoja unakokusema.

Na hapa kwetu pia jambo hili limepita. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo wa New York, alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kuitafuta asili ya chombo chake. Tanzania alikaa na Anania Ngoliga, mpiga ilimba (chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba) asiyeona. Baadaye Ngoliga na mwanamuziki mwenzake John Kitime walikwenda kuzunguka naye Marekani. Fleck hakuzaliwa karibu na ilimba, na Ngoliga hakuzaliwa karibu na banjo. Wakielekezana sikio, sauti ya vyuma vya ilimba na ya nyuzi za banjo zinashikana hata unashindwa kujua ipi imeanza.

Mchangiaji, Tanga

Dada, Giddens nimemwelewa. Alikwenda kukaa. Basi na wa shule wote waende wakakae, sina neno nao tena.

Lakini swali moja halijajibiwa, nawaachia. Scruggs alitoka kiwandani. Baker alitoka shimoni. Leo mandolini nzuri ya kuchongwa kwa mkono bei yake inamtoa mtu jasho, kambi za mafunzo zinalipiwa, na anayefika huko ni mwenye nafasi. Mlango mnaosema umefunguliwa umefunguliwa kwa waliosoma. Yule kijana wa kiwandani wa leo anaingilia wapi?