Jedwali la elementi: mtoto aanzie kwenye elektroni au kwenye chumvi?

Mwalimu wa masomo ya jioni, Wete: Jamani, natupa hoja. Watoto wa kidato cha pili wananijia jedwali la elementi wamelikariri kama wimbo wa chekechea. Waulize kwa nini sodiamu na potasiamu zimekaa safu moja: kimya. Juzi nilimkalisha mmoja jamvini kwenye karafuu za babu yake. Kokwa ya embe ikawa kiini cha atomi, karafuu zikawa elektroni, zile chembe ndogo zinazokizunguka. Akapanga karafuu 11 za sodiamu: 2 ndani, 8 zikafuata, 1 ikabaki nje peke yake. Akapanga 19 za potasiamu: 2, 8, 8, kisha tena 1. Akacheka mwenyewe. Hiyo moja ya nje ndiyo inayozifanya zote mbili zifoke zikiguswa na maji. Kwa nini tusianzie hapo?

Mzazi, Mkoani: Maalim, nakupinga. Mendeleev, yule mkemia Mrusi, alipanga jedwali lake 1869. Elektroni imegunduliwa 1897. Alitazama uzito wa atomi na tabia, akaacha nafasi tupu kwa elementi zisizojulikana, na 1875 galiamu ikaja ikajaza moja. Mtoto naye aone tabia kwanza, chumvi yenye hiyo sodiamu si inaanikwa huku huku Pemba? Ukimtanguliza kwenye elektroni atakariri elektroni, yale yale.

Mwalimu: Lakini huo uzito ulimtia matatani. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, na bado ilibidi aitangulize. Moseley, mwanafizikia Mwingereza, ndiye aliyeonesha, 1913, kuwa cha kuhesabu ni chaji ya kiini, yaani umeme chanya kilichobeba. Na atomi nzima ina elektroni sawasawa na hiyo chaji.

Mwanafunzi wa zamani, Jang'ombe: Samahanini. Skuli tuliambiwa mzingo wa tatu, yaani duara la tatu la elektroni, unabeba 18. Sasa karafuu ya 19 imerukiaje wa nne, na wa tatu una 8 tu? Nilipouliza nikaambiwa niandike hivyo hivyo, ndivyo mtihani unavyotaka.

Mwalimu: Umenibana pazuri. Mzingo wa tatu una vyumba: cha 2, cha 6 na cha 10. Kwa potasiamu, hicho cha 10 kinadai nishati kubwa kuliko chumba cha kwanza cha mzingo wa nne, basi elektroni inapita. Kinaanza kujazwa kwenye skandiamu, namba 21, hadi zinki, 30. Ile sehemu ya katikati ya jedwali yenye safu 10 imetokana na hapo.

Mzazi: Na heliamu? Ina 2 nje kama magnesiamu, mbona iko kule mwisho juu ya neoni? Si kwa tabia yake ya kutochanganyika na mtu?

Mwalimu: Mzingo wa kwanza hauchukui zaidi ya 2. Umejaa. Elektroni tena hizo.

Mzazi: Ambazo ulizijua baada ya kuiona tabia.