Naomba ushauri: wembe wa kukunja unavuta ndevu
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Niko Jinja. Nina miezi miwili najinyoa kwa wembe wa kukunja alioniachia marehemu mjomba, na sitaki kabisa kurudi kwenye viwembe vya kutupa.

Mwanzoni ulikuwa unateleza vizuri. Sasa unavuta ndevu, hasa chini ya kidevu, na shingo inabaki na vipele. Kila asubuhi naupitisha kwenye mkanda wa ngozi mara 30 hivi, mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Wiki iliyopita niligeuza mkono vibaya nikauchana mkanda kama nusu sentimita. Tena nikiuelekeza wembe kwenye mwanga wa dirisha, naona vidoa viwili vinang'aa kwenye makali, karibu na ncha.

Nina jiwe la kunolea la pande mbili, namba 1000 (upande wa kukwaruza) na 6000 (upande laini). Nilitumia upande wa 6000 kwa maji, wembe nimeulaza bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, mara 20. Nafuu ilidumu siku mbili tu. Upande wa 1000 nauogopa, unakula chuma, na wembe huu sina wa pili.

Je, vidoa hivyo vinahitaji 1000, au niendelee na 6000 kwa subira? Na mkanda uliochanika, niulainishe kwa msasa au ninunue mwingine? Kama kuna kinyozi hapa Jinja au Kampala anayenoa nyembe hizi kwa mkono, nielekezeni tafadhali, nitamfuata.