Ukoo wa Mzee Kombo (Ngamiani): pesa ya Zuhura

Jumapili, 13 Julai 2025

Shangazi Mwanaisha, 06:48
Assalaam alaykum wanaukoo. Jambo la Zuhura limeninyima usingizi. Someni mpaka mwisho, msiruke.

Shangazi Mwanaisha, 06:50
Chuo kimempokea, masters ya fedha na biashara, kwenye kampasi yao ya London. Masomo yanaanza Jumatatu 22 Septemba. Ada pauni 15,000. Ile 5,000 ya kushikia nafasi tulilipa Mei, imebaki 10,000.

Shangazi Mwanaisha, 06:52
Ili apewe barua ya CAS ya kuombea viza, benki ionekane hiyo 10,000 NA pesa ya kuishi. Kwa London serikali yao inataka pauni 1,483 kila mwezi, miezi 9. Hiyo ni 13,347. Jumlisha na ada, 23,347.

Shangazi Mwanaisha, 06:53
Pauni tukiihesabu 3,550 inakuja milioni 82.9. Mimi nasema tufikishe 85, maana kiwango kikicheza kidogo tu mtoto anakataliwa.

Shangazi Mwanaisha, 06:55
Na isishuke hata siku moja kwa siku 28 mfululizo. Ikiingia Ijumaa hii tarehe 18, zinatimia 14 Agosti. Chuo kinafunga kutoa CAS 22 Agosti. Tuna siku tano. Kila mtu aandike jina na kiasi. Naanza: Mwanaisha, milioni 8.

Shangazi Mwanaisha, 07:40
Wamesoma 14. Hamjambo?

Baba Mdogo Sefu, 08:05
Hatujambo. Tunatafuta miwani, sifuri zimekuwa nyingi.

Baba Mdogo Sefu, 08:06
Halafu biashara inasomewa London? Mama kauza maandazi pale sokoni miaka arobaini, hajamaliza hata la nne, na kasomesha watu sita. Zuhura angekaa naye jikoni wiki mbili.

Jumaa, 08:11
😂😂😂 na chenji hakukosea hata siku moja

Baba Mdogo Sefu, 08:12
Ukimpa noti ya bandia anainusa tu

Mwajuma, 08:13
😂😂

Shangazi Mwanaisha, 08:15
Sefu. Siku tano.

Baba Mdogo Sefu, 08:19
Haya dada. Sefu laki 5. Ng'ombe akiuzwa itaongezeka.

Zuhura, 08:30
Shikamooni wote. Asanteni sana. Mimi ninayo milioni 9 niliyoweka tangu nianze kazi. Kifua kikuu nimepangiwa kupima IOM Dar, wale wa shirika la uhamiaji, Jumanne, wanapiga picha ya kifua, bila cheti hicho ombi la viza halipokelewi.

Jumaa, 08:44
Zuhura hongera mdogo wangu. Naweka milioni 1.5. Nauliza tu, hati ya nyumba ya Ngamiani haiwezi kutumika kama dhamana? Thamani yake inazidi hiyo.

Zuhura, 08:47
Hapana kaka. Nyumba, kiwanja, hisa, hawavihesabu. Wanataka pesa taslimu iliyoko benki.

Mama Nasra, 08:52
Hati ya Ngamiani isitajwe humu.

Jumaa, 08:52
Samahani shangazi mkubwa

Baba Zuhura, 09:20
Salaam. Kiwanja cha Pongwe nimekiuza, mtajua sasa hivi badala ya kusikia mtaani. Milioni 31 ipo. Nashukuruni wote mnaomsimamia binti yangu.

Shangazi Mwanaisha, 09:22
Allah akulipe kaka Rama. Ile Pongwe ulikuwa ujenge.

Baba Zuhura, 09:23
Nitajenga nikijaaliwa.

Baba Mkubwa Twalibu (Muscat), 11:35
Waalaykum salaam. Huku ndiyo napata nafasi. Mimi naweka milioni 20. Lakini tuelewane, hiyo ni ya kuonyesha. Viza ikitoka irudi, nina ada za watoto wangu Septemba. Na kurahisisha mambo, zote zije kwenye akaunti yangu huku, nitoe taarifa ya benki moja safi.

Shangazi Mwanaisha, 11:38
MashaAllah kaka Twalibu! Mmemwona mwanaume? Wengine igeni.

Zuhura, 11:51
Baba mkubwa shikamoo, asante sana. Ila kwenye akaunti yako hawataikubali. Mwongozo unasema akaunti iwe yangu au ya mzazi wangu, au mlezi wa kisheria. Baba mkubwa, shangazi, mjomba, hawamo. Ikiwa ya mzazi natoa cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kuridhia.

Baba Mkubwa Twalibu (Muscat), 11:58
Baba mkubwa si mzazi? Nani kaandika hiyo sheria?

Baba Mdogo Sefu, 12:00
Wazungu hao. Kwao ndugu wa baba ni mpita njia

Shangazi Mwanaisha, 12:04
Basi imekwisha hiyo. Iingie kwa Baba Zuhura. Kaka Rama tuma namba ya akaunti hapa.

Shangazi Mwanaisha, 12:30
Kaka Rama namba.

Mama Nasra, 12:41
Kwa Ramadhani?

Shangazi Mwanaisha, 12:42
Ndiye baba yake, dada.

Mama Nasra, 12:46
Najua ni baba yake. Hata lori lilikuwa la ukoo.

Jumaa, 12:46
🙈

Shangazi Mwanaisha, 12:49
Dada, leo tuna mtoto wa kusomesha. Mambo ya 2009 tuyaache.

Mama Nasra, 12:55
Rahisi kuyaacha kwa asiyechangia. Na tukishafika hapo niseme yote. Wa kwangu alipokwenda London 2021 nani aliitisha watu saa kumi na mbili alfajiri? Nilikopa kwenye kikundi cha kina mama, nikauza mikufu. Mwanaisha ulinitumia dua. Dua nilizipokea.

Baba Mkubwa Twalibu (Muscat), 13:02
Dada, wakati ule mimi nilikuwa sina kazi, ilikuwa korona.

Mama Nasra, 13:03
Sijakutaja wewe.

Baba Zuhura, 13:20
Kuhusu lori sina la kuongeza. Dereva mlimjua na ajali mliiona. Nimeuza Pongwe kwa ajili ya mtoto, sijamwomba mtu kuniamini.

Mwajuma, 13:31
Amin

Baba Mdogo Sefu, 13:34
Mwajuma umeitikia dua gani?

Mwajuma, 13:35
Nilikuwa bado juu 😭

Baba Mdogo Sefu, 13:37
Mimi nina wazo. Aolewe kwanza, aende na mume, mume afanye kazi, mke asome. Gharama nusu. Kuna kijana hapa Muheza mwalimu, ana pikipiki.

Zuhura, 13:40
Baba mdogo jamani. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya darasani haruhusiwi kwenda na mume wala mtoto.

Baba Mdogo Sefu, 13:41
Basi pikipiki peke yake

Jumaa, 13:41
😂😂😂😂 nimekufa mimi

Shangazi Mwanaisha, 13:50
Mnacheka. Hadi sasa: Baba Zuhura 31, Twalibu 20, Zuhura 9, mimi 8, Jumaa 1.5, Sefu nusu. Jumla 70. Pengo milioni 15. Na hapo sijagusa viza yenyewe pauni 524, na bima yao ya afya ambayo kwa muda wote wa viza yake ni 1,164 na inalipwa yote siku ya kuomba. Nauli bado. Walionyamaza: Mzamilu, Tatu, Mama Bakari, Shekue, Rehema. Nawaona.

Shangazi Mwanaisha, 16:15
Tatu uko hewani.

Tatu, 16:58
Wifi nipo kwenye hitma Korogwe, nitapiga

Shangazi Mwanaisha, 19:02
Imepita magharibi. Hakuna aliyeongeza hata mia.

Hasani (Pangani), 20:10
Assalaam alaykum. Bibi nimemsomea yote tangu asubuhi. Ametuma sauti.
🎤 ujumbe wa sauti, dakika 2:41

Hasani (Pangani), 20:17
Kwa wasio na bando naandika alivyosema:
"Mwanaisha, umefanya vema kuita watu, lakini unaita kama dalali wa mnadani. Punguza sauti. Habari ya lori nimeilaza mimi na marehemu baba yenu, pale barazani, mkiwepo wote. Pesa ilikuwa yetu na tukasamehe. Mtu asiitaje tena. Lakini wewe Ramadhani mwanangu, hii ya mtoto usiishike. Iwekwe kwa jina lake Zuhura. Nazi za Mwera za msimu huu zote zake, Hasani atazisimamia. Na Nasra hakupewa kitu alipokwenda. Hilo ni deni letu, mimi nalijua na wala sijalisahau. Basi, mniache nisali."

Shangazi Mwanaisha, 20:54
Tumesikia mama.

Baba Mkubwa Twalibu (Muscat), 20:55
Shikamoo mama. Tumesikia.

Baba Zuhura, 21:12
Nimesikia mama. Shikamoo.

Mama Nasra, 21:20
Shikamoo mama. Nitaweka milioni 3. Nampa Zuhura mkononi, haipiti kwa mtu.

Shangazi Mwanaisha, 21:21
Dada hata mkononi ni sawa. 73.

Nasra (London), 22:46
Shikamooni wazee wangu. Ndiyo natoka kazini, niko kwenye treni, nimekuta meseji mia na kitu. Bibi nimemsikia mara tatu, nimelia mbele za watu. Simdai mtu.

Nasra (London), 22:50
Mjomba Twalibu, naomba niseme na unisamehe. Tukiita hii pesa ya kuonyesha tutamuumiza Zuhura. Mimi nilikuja hivyo hivyo. Ya kuonyesha ilirudi kwa wenyewe wiki ile ile viza ilipotoka, nikashuka Heathrow na pauni 600. Mama hajui hili mpaka leo.

Nasra (London), 22:55
Chumba kimoja huku Barking au Ilford ni kama 750 kwa mwezi, jiko mnashirikiana. Na mgeni asiye na mdhamini mkaazi wa Uingereza, mwenye nyumba anamtaka alipe miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 4,500 kabla hajanunua chumvi. Nililala sebuleni kwa Wanigeria watatu tuliosoma nao mpaka Desemba. Mungu awalipe, walinipa godoro.

Nasra (London), 23:01
Mtasema atafanya kazi. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, akizidisha hata wiki moja anahatarisha viza. Kima cha chini sasa ni 12.21 kwa saa, wiki inakuja 244. Na kazi haipatikani siku ya kwanza. Mimi nilipata Januari, kufagia ofisi alfajiri, jengo la pili kutoka chuoni. Nilikuwa nafagia saa kumi na moja, saa tatu naingia darasani.

Nasra (London), 23:06
Na Zuhura, mdogo wangu, futa picha ya chuo chenye bustani. Kampasi za London za vyuo vya mikoani kwao nyingi ni ghorofa tatu nne ndani ya jengo la ofisi. Chini kuna mkahawa, juu yenu watu wa bima. Hakuna bweni wala uwanja. Unagusisha kadi mlangoni na mahudhurio yanasomwa, ukipotea chuo lazima kikuripoti uhamiaji. Darasa langu tulikuwa sitini, Waingereza hawakufika watano. Mwanzo niliona nimetapeliwa. Baadaye nikaelewa unacholipia ni walimu, jina la cheti, na kuwa mtaani pale ambapo benki zenyewe ziko. Mhadhiri wetu wa hesabu za makampuni alikuwa mkaguzi miaka ishirini. Mwanamke yule alinifundisha kusoma mizania mpaka leo ndiyo mkate wangu.

Nasra (London), 23:09
Kwa hiyo inafaa kuja. Lakini aje na pesa yake. Kama 20 ya mjomba Twalibu lazima irudi Septemba, bora isihesabiwe, au aombe chuo kimsogezee nafasi mpaka mhula wa Januari. Uliza kwanza kama wana kuanza Januari na kama 5,000 haitapotea. Mimi nilijivuna kuuliza.

Zuhura, 23:15
Dada Nasra sikujua hayo ya sebuleni.

Mama Nasra, 23:18
Nasra nipigie.

Nasra (London), 23:18
Mama kesho, mtandao wa humu kwenye treni unakatika

Mama Nasra, 23:19
Nipigie sasa hivi.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Shangazi Mwanaisha, 06:30
Assalaam alaykum. Nimemsoma Nasra, nimemsoma mara mbili. Januari siitaki. Hao Waingereza tayari mwezi Mei wametangaza kwamba ile miaka miwili ya kukaa kutafuta kazi baada ya masomo wataipunguza iwe miezi 18, tukichelewa tutakuta kingine. Tunaendelea na tarehe 18. Kaka Twalibu, umeona alichoandika mtoto?

Shangazi Mwanaisha, 06:31
Zuhura, akaunti yako iko tayari? Tuma namba.

Zuhura, 07:05
Shikamoo shangazi. Niliyonayo nilifungua kwa simu, ina kikomo, haipokei kiasi hicho. Tawini wanataka kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa ndiyo waipandishe. Naenda kwa mwenyekiti sasa hivi. Kesho siwezi, nina kipimo Dar.

Baba Zuhura, 07:09
Nitakusindikiza kwa mwenyekiti. Benki utaingia peke yako, mimi nitakaa nje.

Hasani (Pangani), 07:30
Bibi anauliza pesa ya nazi inatakiwa lini, mnunuzi anasema mwisho wa mwezi

Shangazi Mwanaisha, 07:31
Ijumaa Hasani, Ijumaa! Mwambie mnunuzi atangulize.

Baba Mdogo Sefu, 07:48
Nimemwambia mwalimu wa pikipiki kuwa imeshindikana. Kahuzunika, lakini kachangia elfu hamsini. Hamjui hata sura.

Shangazi Mwanaisha, 07:50
Mwandikeni. Mwalimu wa Muheza, elfu 50.

Baba Mkubwa Twalibu (Muscat), 09:14
Nimesoma ya Nasra. Tutaongea jioni nikitoka kazini.

Mwajuma, 09:40
Jamani Zuhura anakwenda lini? Mchango unatumwa namba ipi?

Shangazi Mwanaisha, 09:41
Mwajuma panda juu usome.

Zuhura, 12:26
Mwenyekiti hayupo, mjumbe kasema turudi saa tisa. Baba mkubwa, samahani kukusumbua kazini. Hiyo 20 niihesabu au nisiihesabu?