Fundi kaniaibisha mbele ya mama mkwe, na kosa ni lake mwenyewe!

MwanaChumbageni
Wakuu, mikono inatetemeka, chai imepoa mpaka imeota ngozi. Yule fundi, nyote mnamjua, yule wa pikipiki nyekundu asiyekosa pilau la mtu Tanga nzima, ameniambia mbele ya MAMA MKWE: "Bosi, hii huwapata wanaume wanaofungua mambo ya usiku."

Mambo ya usiku! Mbele ya mama mkwe! Kafika jana tu kutoka Lushoto na kikapu cha mapeasi!

Kitu chenyewe ni kalenda. Tableti nimeipachika ukutani jikoni, inachukua ratiba ya nyumba kwenye kompyuta ndogo iliyo chini ya luninga: kliniki ya mama, siku ya kutoa mchezo kwa kijumbe, tuisheni ya watoto. Leo asubuhi ratiba hakuna, limebaki onyo: muunganisho si wa faragha, cheti cha usalama kimeisha muda. Fundi alipofika kwenye neno "faragha" akakohoa, akamgeukia mama mkwe, akamwaga sumu. Mama mkwe akavuta mtandio, "Astaghfirullah." Mpaka saa hizi hanitazami usoni.

Cheti ndicho kitambulisho ambacho kompyuta inaionyesha tableti ili iaminike. Nimekifungua mwenyewe nikasoma tarehe. Kimekufa jana usiku. Ni hivi vya bure vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti mtandaoni, siku 90 basi, na programu hukihuisha yenyewe zikibaki kama 30. Mbona safari hii haikuhuisha? Kwa sababu miezi miwili nyuma ruta ilibadilishwa, na aliyebadilisha ni YEYE! Ruta mpya hakuifungulia poti 80, yaani mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni, Let's Encrypt wakija kuhakiki anwani yangu wanapiga hodi hawafunguliwi. Mlango kaufunga yeye, uchafu kanipakaza mimi! Mbele ya mama mkwe! Na elfu ishirini akaondoka nayo!

Aje aombe radhi sebuleni kwangu, amesimama, na mama mkwe asikie.

BintiPangani
Pole kaka. Ila nimesoma mara mbili, hayo ya usiku hujayakanusha popote.

MwanaChumbageni
Dada, KALENDA! Nimesema kalenda!

WayaMoja
Mkuu, elekeza poti 80 ya ruta kwenye hiyo kompyuta, kisha endesha certbot renew, amri ya kuhuisha cheti. Ikikubali, iwashe upya seva, ile programu inayotoa kalenda, maana cheti kipya kinaweza kuwa kimeshaingia na yenyewe inaendelea kutoa kile cha zamani. Tazama na tarehe ya tableti. Betri ikifa na umeme ukikatika, saa hurudi nyuma, hata cheti kizima kikakataliwa. Na usiwazoeshe watoto kubonyeza "endelea" kila wakiona onyo, siku moja litakuwa la kweli.

MzeeWaDuga
Elfu ishirini unalia? Mimi alikula arobaini ya antena. Tangu siku hiyo taarifa ya habari naitazama kwa masikio.

KibarazaMakorora
Ni huyo huyo! Friji yangu alisema gesi imeisha, nikalipa gesi. Kumbe panya katafuna waya. Vibua kilo tatu vimeoza, jirani akadhani kuna maiti ndani.

MzeeWaDuga
Na cherehani ya mke wangu kairudisha inashona kinyumenyume. Nguo za Idi tulivaa za mwaka juzi.

BintiPangani
Kibaraza, vibua ulinunua Deep Sea? Bei gani siku hizi?

MwanaChumbageni
Jamani, mada! Poti nimefungua, cheti kimehuika, kalenda imerudi. Mama mkwe bado anaongea na mimi kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." Nimo humo humo chumbani! Mbele ya mama mkwe, wakuu!

KibarazaMakorora
Ndiyo, Deep Sea. Wahi alfajiri, ukichelewa unakuta magamba.

MwanaChumbageni
Hakuna hata mmoja wa kwenda kumwambia fundi aje?

BintiPangani
Na nguru wapo?