Toyota IST inamisi, fundi anasema ni kontroli boksi (kompyuta ya injini): naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Niko Dodoma, nina IST ya injini ya 2NZ. Ikishapata moto inamisi, yaani silinda moja haichomi vizuri na injini inakatakata, na kupandisha mlima Sekenke ilikuwa shida tupu. Mashine ya kupimia gari inasoma kodi ya hitilafu P0353, yaani shida kwenye saketi ya koili (inayotoa umeme wa plagi) ya silinda ya tatu. Tumebadilishana koili hiyo na ya silinda ya pili, kodi ikabaki ileile ya silinda ya tatu. Fundi kaamua kontroli boksi imekufa, ninunue ya mtumba. Nasita, maana waya wa kutoka kwenye boksi hadi soketi ya koili haujapimwa, wala ethi (waya wa kwenda bodi). Nianzie huko? Na boksi ya mtumba itaitambua funguo yangu ya imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi), au lazima isajiliwe upya? Gari hili ndilo linampeleka mama kliniki, sitaki kubahatisha.